Adui Aliyeongoka: Kazi ya Namaari katika Filamu ya Raya

Mpwa wangu wa miaka minane alisimamisha filamu ilipokuwa inakaribia mwisho, akanigeukia na kuniuliza: "Mjomba, huyu ni adui, au sasa amekuwa stelingi?" Tulikuwa tukitazama Raya and the Last Dragon, filamu ya uhuishaji ya Disney iliyotoka Machi 2021, na msichana aliyekuwa kwenye skrini ni Namaari, binti wa mtawala wa nchi iitwayo Fang, ambaye kwa sehemu kubwa ya hadithi alikuwa akimwinda Raya akiwa na upanga mkononi na askari nyuma yake. Nilimwambia asubiri aone. Alisubiri, akaona mpaka mwisho, na swali lake likabaki palepale.

Swali hilohilo nimelisikia kwa watu wazima, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake. Wapo wanaolalamika kwamba msaliti amesamehewa bila kuadhibiwa. Wapo wanaosema filamu inawafundisha watoto kumwamini kila anayepita njiani, na wapo wanaodai kwamba Namaari hakuwa adui hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyeongoka wala aliyesamehewa. Naona mkanganyiko huu unatokana na kuyachanganya mambo ambayo yanafanana kwa nje tu, na yakitenganishwa moja baada ya jingine, nafasi ya Namaari inaonekana wazi, tena inaonekana kuwa kubwa kuliko tunavyoidhania. Ambaye hajaitazama filamu na anataka kuutunza mwisho wake aitazame kwanza, kwa sababu hapa nitausimulia wote.

Tuanze na maneno. Katika mabanda ya video, mtazamaji wetu amezoea kuwagawa watu wa filamu mafungu mawili: stelingi, ambaye kila mtu anajua hafi, na adui, ambaye kila mtu anasubiri afe. Darasani somo la fasihi lilitupa maneno mapana zaidi. Mhusika mkuu ndiye tunayemfuata, na mpinzani ndiye anayesimama kati ya mhusika mkuu na jambo analolitaka. Mpinzani si lazima awe mtu mwovu. Anaweza kuwa mzazi anayekataa ndoa au rafiki anayegombea nafasi ileile ya kazi. Aliyefika kidato cha nne atakumbuka pia mhusika bapa, ambaye huingia na tabia moja na kutoka na hiyohiyo, na mhusika duara, ambaye hubadilika kwa kusukumwa na yale yanayompata. Adui aliyeongoka ni mpinzani duara ambaye mabadiliko yake yanavuka mpaka uliomtenga na watu aliowadhuru, akaja kusimama upande wao.

Nasema kuongoka kwa makusudi, kwa sababu adui wa filamu anaweza kuacha uadui kwa njia nyingine ambazo hazistahili neno hilo. Anaweza kushindwa tu, akapigwa, akanyang'anywa silaha, akanyamaza. Huyo ameishiwa nguvu, na kesho akizipata tena atarudi alikotoka. Anaweza pia kueleweka, yaani tukagundua kwamba kilichotutisha kilikuwa kidonda. Katika Moana ya 2016, zimwi la moto liitwalo Te Kā linatokea kuwa ndiye Te Fiti mwenyewe, mama wa visiwa, aliyeibiwa moyo wake. Watazamaji wengi humtaja kuwa mfano wa adui aliyetubu, lakini ukiangalia vizuri hana la kutubia, kwa maana yeye ndiye aliyeibiwa. Mwenye kosa katika hadithi ile ni Maui, na ndiye anayesimama mbele ya Te Fiti mwishoni kuomba radhi.

Kuongoka ni kitu cha tatu, na lugha yetu ina kipimo chake ambacho wengi tumekipata madrasa au kanisani. Waislamu hufundishwa kwamba toba ina masharti: mtu aliache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama kosa linahusu haki ya mtu mwingine, airudishe haki hiyo kwa mwenyewe. Wakatoliki nao wana majuto, maungamo na malipizi. Mapokeo yote mawili yanakubaliana kwamba machozi hayatoshi, lazima kitu kirudi kilikotoka. Kipimo hicho nitakitumia kwa Namaari, kwa sababu filamu yenyewe, ijapokuwa imetengenezwa Marekani na kuchota mandhari na desturi zake kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, inampima kwa namna inayokaribiana sana na hiyo.

Sasa hadithi kwa ufupi. Palikuwa na nchi moja iitwayo Kumandra, ambako watu waliishi pamoja na majoka. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kushtuka kidogo, maana joka kwetu ni yule wa kitabu cha Ufunuo au yule wa ngano anayemeza vijiji. Majoka ya filamu hii ni viumbe wa maji na mvua, wanaoleta neema. Kisha ikazuka Druun, tauni yenye umbo la wingu jeusi lenye mwanga wa zambarau, ambayo kila inayemgusa humgeuza jiwe. Joka wa mwisho, Sisu, aliifukuza kwa kito cha ajabu na kuwafufua watu, lakini majoka wenzake wakabaki mawe. Badala ya kushukuru, watu wakakigombea kito, na Kumandra ikagawanyika nchi tano zilizopewa majina ya viungo vya joka: Heart, yaani Moyo, iliyobaki na kito; Fang, yaani Jino; halafu Spine, Talon na Tail.

Miaka 500 baadaye, Benja, mtawala wa Heart na baba yake Raya, anawaalika watawala wote wale chakula pamoja. Katika msafara wa Fang yumo Namaari, msichana wa rika la Raya. Wanakaa pamoja, na Namaari anasema kwamba ni muda mrefu tangu ale wali. Ni kauli fupi ambayo mtazamaji anaweza kuipita, lakini ndiyo inayotueleza mapema kwamba huyu binti wa mtawala ametoka mahali penye upungufu, na kwamba nyumbani kwao Heart inatazamwa kama jirani aliyefungia ghala wakati wengine wana njaa. Namaari anampa Raya kidani chenye umbo la Sisu, na Raya kwa furaha ya kupata rafiki anayependa majoka kama yeye anamwonyesha kilipofichwa kito. Palepale Namaari anamgeuka na kuwapa watu wake ishara. Watawala wanafika, wanakinyang'anyana kito, kinaanguka na kuvunjika vipande vitano, Druun inaamka, kila nchi inakimbia na kipande chake, na Benja anamtupa binti yake mtoni ili aokoke, yeye mwenyewe akageuka jiwe.

Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Adui mkuu wa filamu hii ni Druun, na Sisu anaeleza wazi kwamba Druun ni tauni iliyozaliwa na mafarakano ya binadamu. Haina nia wala masikio ya kusikia maombi, na haiwezi kutubu kama vile kipindupindu kisivyoweza kutubu. Namaari ni mpinzani, tena aliyepandwa katikati ya uharibifu huo akiwa mtoto, na filamu haimwachi ajifiche nyuma ya utoto wake. Inaruka miaka sita na kutuonyesha msichana wa Fang mwenye nywele zilizonyolewa pembeni, amepanda mnyama mkubwa mfano wa paka, akimfukuza Raya nchi hadi nchi. Wakati huo Raya anavikusanya vipande vya kito na tayari amemwamsha Sisu. Kila wanapokutana wanapigana, na kila pambano lina uchungu wa watu waliowahi kuwa marafiki kwa siku moja.

Ukitaka kuelewa uzito wa kinachofuata, fikiria upatu. Wanawake watano wanachanga shilingi elfu hamsini kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea laki mbili na nusu kwa mkupuo. Anayepokea wa kwanza anabeba fedha ambazo bado hajazichangia, na anayepokea wa mwisho ametoa miezi minne bila kuona kitu. Hakuna mkataba wala polisi, kuna kijumbe na daftari lake, na kuna imani kwamba aliyepokea mwezi wa kwanza atakuja na elfu hamsini mwezi wa pili. Upatu ukiendeshwa vizuri unajenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini mmoja akipokea na kuhama mtaa, hasara si ya fedha peke yake, maana mtaa mzima unaacha kuchanga kwa miaka na kila mtu anarudi kuficha chake chini ya godoro.

Kumandra iliyovunjika ni mtaa wa namna hiyo. Kila nchi imeficha kipande chake, na kila kipande kina nguvu kidogo ya kuifukuza Druun, kwa hiyo kukitoa ni kubaki uchi mbele ya kifo. Namaari ndiye aliyepokea akakimbia. Mtazamaji anayeuliza kwa nini Raya hamwamini anauliza kwa nini wanawake wale hawampi zamu ya kwanza mtu aliyewahi kutoweka na fedha zao. Hawawezi kumpa, na wana sababu.

Hata hivyo watunzi wametia ishara njiani. Wanapokutana Spine, Sisu anajitokeza katika umbo lake la joka, na Namaari, aliyekuwa katikati ya pambano, anaganda. Kiumbe aliyempenda tangu utotoni, ambaye alimvalisha Raya mfano wake shingoni, yuko hai mbele yake. Anarudi nyumbani akiwa na fikra ya kuviunganisha vipande vyote, lakini mama yake, Virana, anataka joka na vipande viwe mikononi mwa Fang, kwa sababu kwake usalama wa watu wa Fang unatangulia kila kitu. Virana si mchawi wa ngano. Ni mama wa taifa anayehesabu kama wanavyohesabu viongozi wengi, na Namaari amekulia ndani ya hesabu hiyo akijua kwamba mapenzi ya mama yake na wajibu wake kwa nchi vimefungwa fundo moja.

Halafu Sisu anapendekeza jambo ambalo Raya analiona la kipuuzi: tusiibe kipande cha Fang, tumwombe Namaari, tena tumpelekee zawadi. Raya anakirudisha kile kidani, ambacho alikuwa amekitunza miaka yote sita. Ni hatua ndogo, na filamu inatuonyesha Namaari akikipokea, uso wake ukibadilika. Anakubali kukutana nao.

Tukio la makutano hayo nimelitazama mara nyingi kuliko mengine yote, na nawaomba wasomaji wawe makini na kidole. Namaari anafika na kipande chake, kisha anatoa upinde, ule wa kufyatuliwa kwa kidole kama bunduki, na kuwaelekezea. Anataka Sisu na vipande viende naye Fang. Sisu hakimbii. Anamsogelea polepole, akimwambia kwa upole kwamba anajua hataki kumdhuru mtu. Macho ya Namaari yanajaa machozi, mkono unatetemeka, kidole kiko kwenye kifyatuo. Raya yuko kando anakitazama kidole kilekile. Anakiona, au anadhani amekiona, kikijongea, na anachapa kwa upanga wake. Mshale unafyatuka, Sisu anapigwa na kuanguka majini.

Je, Namaari angefyatua? Filamu inakataa kutuambia, na nadhani hapo ndipo watunzi walipofanya kazi yao ya ufundi mkubwa kuliko pote. Wangetuonyesha kidole kikibonyeza, Namaari angekuwa muuaji na Raya angekuwa sahihi kutomwamini. Wangetuonyesha upinde ukishushwa, Namaari angekuwa ametubu tayari na Raya peke yake ndiye angekuwa na kosa. Wametuacha katikati, kwenye nafasi isiyozidi upana wa ukucha, na kila mtazamaji anaijaza nafasi hiyo kwa yale aliyokuja nayo. Mpwa wangu alisema angepiga. Mama yake, aliyekuwa akipita na bakuli la maharage ya kuchambua, alisema mtoto yule alikuwa analia, na mtu hapigi akiwa analia namna ile. Walibishana mpaka maharage yakasahaulika.

Kifo cha Sisu kinaleta maangamizi. Maji yaliyoilinda Fang yanaondoka, Druun inaingia, na watu wanaanza kugeuka mawe. Raya anamfuata Namaari akiwa na hasira ya miaka sita, wanapigana, na Raya anamshinda. Anapoinua upanga, Namaari hajitetei. Anamwambia kwamba hakukusudia haya, na kwamba Sisu alimwamini ilhali Raya hakumwamini Sisu, kwa hiyo wote wawili wana sehemu katika kifo kile. Ni maneno mazito, na yana ukweli na ukwepaji ndani ya sentensi moja. Mtu aliyetubu kikamilifu angeanza na kosa lake bila kulitaja la mwenzake. Kwa hiyo nikitumia kile kipimo cha toba, nasema Namaari hapa ana majuto, lakini bado hajafika. Raya anaushusha upanga na kwenda kuwasaidia wenzake kuokoa watu.

Mwisho unakuja ndani ya shimo. Raya, wenzake waliojiunga naye njiani, yaani mvulana Boun, mtoto mdogo Noi na shujaa Tong, pamoja na Namaari wamezingirwa na Druun, kila kipande cha kito kinapoteza mwanga, na hakuna pa kutokea. Hapo Raya anaelewa alichokuwa akiambiwa na Sisu tangu mwanzo. Sisu aliwahi kusimulia kwamba miaka 500 iliyopita yeye hakuwa joka mwenye nguvu kuliko ndugu zake. Kaka na dada zake walitia nguvu zao zote katika kito kimoja na kukiweka mkononi mwake, wakijua kwamba wao watabaki mawe, na kilichokipa kito uwezo ni kuaminiwa kwake. Raya anawaambia wenzake wampe Namaari vipande vyao. Wanakataa, kama ambavyo wewe na mimi tungekataa. Basi Raya anatangulia. Anakiweka kipande chake mkononi mwa mtu aliyemsaliti, anarudi nyuma, na Druun inamgeuza jiwe. Boun anafuata, Noi anafuata, Tong anafuata.

Tazama sasa Namaari amesimama wapi. Amesimama mahali aliposimama Sisu miaka 500 kabla, amezungukwa na waliojitoa, ameshika mkononi kila kitu walichokuwa nacho. Katika mpangilio wa hadithi, hii ndiyo kazi yake, na hakuna mhusika mwingine angeweza kuifanya. Raya asingeweza, kwa sababu Raya kutunza vipande kusingeshangaza mtu. Amekuwa akivikusanya filamu nzima. Boun au Tong wasingeweza, kwa sababu tumekwisha kuwapenda na hatuna shaka nao. Hadithi inayodai kwamba imani ndiyo inayoponya lazima iliweke dai hilo mikononi mwa mtu anayeweza kuliangusha, ambaye tayari ameliangusha mara moja, vinginevyo dai lenyewe halijajaribiwa. Adui aliyeongoka ni jiwe la kupimia dhahabu katika filamu hii. Kumwita kipambo cha mwisho mwema, kilichowekwa ili watoto walale kwa raha, ni kutouona muundo wa hadithi yote.

Na filamu haiharakishi. Kwa muda mfupi Namaari anatazama njia ya kutokea. Vipande anavyo, vinaweza kumlinda, na hakuna shahidi aliyebaki kwa kuwa wote ni mawe. Mama wa maharage, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekaa chini pamoja nasi, alishika mdomo.

Turudi basi kwenye malalamiko niliyoyataja mwanzo, maana sasa yanaweza kujibiwa. La kwanza ni kwamba amesamehewa bila adhabu. Adhabu na malipizi ni vitu viwili. Adhabu mtu anapewa na mwingine, malipizi anayatoa mwenyewe. Namaari anatoa malipizi ya thamani kubwa kuliko adhabu yoyote ambayo Raya angempa kwa upanga: anakiunganisha kito kilichovunjika kwa sababu yake, yaani anairudisha haki ileile aliyoiondoa, na anabaki palepale kati ya waliomwamini mpaka naye anageuka jiwe, bila kujua kama kito kitafanya kazi. Msamaha wa Raya nao ulikuja kabla ya kitendo hicho, haukuwa malipo yake. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kuongoka huja kwanza na msamaha hufuata, kama risiti baada ya kulipa, ilhali hapa mpangilio umegeuzwa, na nadhani kugeuzwa huko ndiko kunakowaudhi watazamaji wengi bila wao kujua kinachowaudhi.

Ulinganisho mmoja utasaidia. Katika My Little Pony: The Movie ya 2017 yupo Tempest Shadow, farasi mwenye pembe iliyovunjika tangu utotoni, anayemtumikia mfalme dhalimu kwa ahadi kwamba pembe yake itarudishwa. Mfalme anamtupa, aliowatesa wanamwokoa, naye anajitupa mbele yao ili asigeuzwe jiwe mwingine. Anafufuliwa, watu wanashangilia, lakini pembe yake haiponi. Inabaki imevunjika, na yeye anatumia cheche zinazoruka kutoka humo kuwafanyia fataki. Nampenda mtunzi aliyeiacha pembe ile jinsi ilivyo, kwa sababu mhusika aliyeongoka ili apate kitu amefanya biashara tu. Namaari pia hapati chochote alichokuwa akikitafuta: Fang haipati joka la kulimiliki, wala kito cha kukifungia ndani.

Lalamiko la pili, kwamba watoto wanafundishwa kumwamini kila mtu, ni zito zaidi na nalichukulia kwa uzito wake, hasa kwa wazazi ambao kila siku wanawaambia watoto wasipokee pipi kwa wasiowajua. Lakini filamu yenyewe inaonyesha imani ikiumia mara kadhaa. Benja anawaalika majirani na nyumba yake inaangamia. Huko Talon, Sisu anamwamini bibi mmoja mpole, kumbe bibi huyo ndiye mtawala katili aliyetaka kumtoa kafara kwa Druun ili apate vipande. Raya asingemwahi, hadithi ingeishia pale. Kwa hiyo filamu inajua kwamba watu hudanganya. Kinachofanyika shimoni kinatofautiana na kumwamini mgeni. Raya anamjua Namaari kuliko mtu yeyote duniani: ameona baya lake lote, na ameyaona pia machozi juu ya upinde. Isitoshe, anayetoa ni mkubwa aliyeelewa hatari na akaichagua kwa nafsi yake. Noi, ambaye ni mtoto mdogo sana, anafuata mfano wa wakubwa, na nakiri kwamba hapo mimi nimebaki na dukuduku. Mzazi akitazama na mtoto, hilo ni la kuzungumza.

Watu huchanganya pia kusamehe na kuamini, na lugha yetu ina maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili. Mama wa upatu anaweza kumsamehe aliyetoroka, akamsalimia sokoni, akaenda msibani kwake, na bado akakataa kumpa zamu ya kwanza. Hana chuki, ana kumbukumbu. Raya angeweza kumsamehe Namaari moyoni na kukishikilia kipande chake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichofanya ni zaidi ya msamaha, tena alikifanya palipokuwa hakuna njia nyingine.

Wale wa tatu, wanaosema Namaari hakuwa adui tangu mwanzo, wananisikitisha kidogo, kwa sababu wanadhani wanamtetea kumbe wanamnyang'anya alichokipata. Njaa ya Fang ni ya kweli, shinikizo la mama yake ni la kweli, na bado ni yeye aliyemwona mtoto mwenzake akifurahi na akaigeuza furaha ile kuwa mtego. Sababu ya kosa inatusaidia kulielewa, lakini hailifuti. Ukisema hakukosa, basi shimoni hakurudisha kitu, na vipande vile vitano vilijiunganisha vyenyewe.

Mpwa wangu aliomba turudie sehemu ya mwisho, nikairudisha nyuma. Safari hii hakuuliza kuhusu adui wala stelingi. Alinyoosha kidole kwenye skrini pale Namaari anapotazama njia ya kutokea, akahesabu kwa sauti muda aliosimama kabla ya kugeuka: moja, mbili, tatu. Kisha akamwuliza mama yake kama yule dada angejua kwamba hakuna anayemwona.